Vile vyuma ambavyo havipigwi
Mbukwenyi! Haya, naona mmeitikia vizuri, tuanze basi maana upepo huu wa Dodoma ukichachamaa mtashindwa kunisikia.

Nimeombwa niongelee kusisimka, yani ile sauti inakufikia afu mwili wote unaitikia. Mimi naanza na ilimba yetu ya Kigogo. Wengi mnaijua, sanduku la mbao lina vyuma juu, linapigwa kwa vidole. Sasa ukiitazama kwa karibu utakuta kuna vyuma vingine havipigwi kabisa, vipo tu, mgeni anaweza kudhani fundi kavisahau. Kumbe ndo utamu wenyewe. Mpigaji akigusa chuma kimoja, kile kinacholingana nacho sauti kinatetemeka chenyewe, hakuna aliyekigusa, na kisicholingana kimetulia palepale. Afu kuna tundu linazibwa utando wa buibui, hapo ndo unatoka ule mvumo wa zzz ambao fundi wa studio asiyejua angeufuta akidhani spika imekufa.

Inakuaje sasa? Kila kitu kina mwendo wake wa kutikisika. Mawimbi ya hewa yakija na mwendo huohuo yanakisukuma kidogo kidogo, ni kama mtoto kwenye bembea, ukimsukuma kwa wakati wake anapaa hata kama mkono wako mwepesi, ukipishana naye unamsimamisha. Ndo maana daladala ikipita na besi yake kuna dirisha moja tu nyumbani linalia, mengine kimya.

Mwilini je? Sikio la binadamu linashika mitikisiko kuanzia kama 20 mpaka 20,000 kwa sekunde, na ile mizito ya chini unaipata mpaka kifuani. Mama wa Kigogo anayepiga muheme ngoma kaibana mapajani, mnadhani anaisikia kwa masikio tu?

Vinyweleo vinaposimama ni misuli midogo kwenye shina la unywele inavuta, ileile ya baridi na ya woga. Lakini hapa wengi wanateleza, wanaongea kana kwamba moyo nao ni chuma cha ilimba, wimbo ukilia unatikisika wenyewe. Hapana jamani. Ndani ya sikio mtikisiko unageuzwa kuwa umeme wa neva unaoenda kwenye ubongo, na kule unakutana na kumbukumbu zako, watu wako, misiba na harusi zako. Ndo maana ukiweka zeze la Hukwe Zawose, Mgogo mwenzetu aliyefariki 2003, mzee wa Bahi anatokwa machozi na mjukuu wake pembeni anachezea simu, wakati mawimbi yamewafikia wote wawili sawasawa. Mzee anasema kijana hana moyo, mi nakataa, we muwekee singeli waliyoichezea kwenye harusi ya dada yake afu mwangalie mikono.

Haya, mama pale nyuma nimeuona mkono, karibu uulize.