Noti za "Alivumilia Vizuri"

ZAI: Karibuni tena jamani, ni Zai na Baraka kama kawaida. Leo tulipanga mambo matatu kuhusu bili za fizio ya kudumisha hali nyumbani, yaani tiba ya mazoezi ya kumzuia mgonjwa asidhoofike, hii ya Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee huku Marekani, lakini kaka ngoja kwanza nikwambie ya Jumanne. Faili la mzee wa Parkinson limerudi, malipo yamekataliwa, nafungua noti za fizio, ziara zote neno moja tu: "mgonjwa alivumilia vizuri, endelea na mpango."

BARAKA: Aah, hilo tena!

ZAI: Zote! Mpaka ile ya siku presha ilimshuka!

BARAKA: Hapo alivumilia kweli. (vicheko) Da Zai, mimi nina bibi mmoja, nikifungua tableti tu ananiwahi, "Andika nimevumilia vizuri."

ZAI: Ameshajua! Na mwongozo wa Medicare wenyewe, sura ya 7, umeitaja sentensi hiyohiyo kwamba haitoshi, yaani imo kabisa, na watu bado wanaiandika kila siku.

BARAKA: Una wagonjwa sita kwa siku, theluji hiyo, mkono unaandika wenyewe.

ZAI: Sawa, ila kinachoniuma ni kwamba kazi ilifanyika. Nimempigia fizio, ananieleza alimpima mzee amelala, akampima amesimama, presha ikashuka, akapunguza mazoezi, halafu miguu inaganda kwenye kona ya jikoni akambadilishia namna ya kugeuka. Huo ni utaalamu mtupu, na kwenye noti hamna hata neno. Kesi ya Jimmo, ile ya mahakamani kuhusu Medicare, ilishamaliza tangu 2013, mgonjwa si lazima apate nafuu, kinachoangaliwa ni kama anahitaji mtaalamu.

BARAKA: Jimmo naikubali. Lakini G0159, ile namba ya bili ya fizio, ni ya kuunda mpango wa kudumisha, na kuutekeleza pale tu usalama unapomtaka mtaalamu. Huyu mzee ana binti pale ndani. Mfundishe, funga faili.

ZAI: Binti atajuaje kuwa leo asimsimamishe?

BARAKA: Si ana mashine ya presha?

ZAI: Kusoma namba ni kitu kimoja, kuamua ni kingine.

BARAKA: Wangapi nimewafundisha wakaweza! Na simwachi mpaka afanye mwenyewe mbele yangu. Ukiendelea kumtembelea tu kwa kuwa anaumwa Parkinson, wakaguzi wakija hela zinarudi.

ZAI: Ukifunga akaanguka je? Ugonjwa wenyewe hausimami.

BARAKA: Hali ikibadilika daktari anatoa oda upya.

ZAI: Baada ya nyonga kuvunjika!

BARAKA: Hapana, hapo hunishawishi.

ZAI: Na wewe hunishawishi, kaka.

BARAKA: Na wasikilizaji, msidhani tunagombea hela ya ziara, tangu 2020 malipo yanahesabiwa kwa vipindi vya siku 30, wingi wa ziara za fizio haupandishi tena kama zamani.

ZAI: Eh, dakika moja imebaki na yale matatu hatujagusa!

BARAKA: Tathmini ya mtaalamu mwenyewe, angalau kila siku 30, msiikose.

ZAI: Na noti iseme umeona nini, umebadilisha nini, kwa nini mwanafamilia asingeweza. La wasaidizi wa fizio kuruhusiwa kufanya tiba hii ya kudumisha, hiyo nayo ni ya 2020, tuliweke wiki ijayo.

BARAKA: Na lile la oda ya daktari?

ZAI: Wiki ijayo pia, muda umekwisha, kwaherini jamani.