Nenosiri la Kuwashia Kompyuta Linapokataliwa Ghafla

AMINA: Hamjambo wasikilizaji wetu wa Kampala, Arua, Jinja na kwingineko. Leo tunalo swali la mhasibu wa chama kimoja cha akiba na mikopo huko Mbale. Anaeleza kwamba kompyuta yake mpakato, ambayo amekuwa akiifungua kwa nenosiri lile lile tangu alipoinunua ikiwa imetumika, ilimkatalia ghafla asubuhi moja, na fundi aliyemwendea alitaka kufuta kila kilichomo kabla ya kuuliza lolote. Ndugu Okello, ungeanzia wapi?

OKELLO: Asante, Dada Amina. Ningeanza kwa kumuuliza skrini inafanana vipi wakati nenosiri linapodaiwa, kwa sababu kompyuta moja inaweza kuwa na malango kadhaa, na watu wengi huyaita yote kwa jina moja. Lango la kwanza ni la BIOS, yaani programu iliyomo kwenye ubao mkuu, ambayo huamka kabla ya Windows; hapo huona kisanduku kidogo katika skrini nyeusi, au alama ya kufuli tu. La pili ni la diski yenyewe. La tatu ni skrini ya buluu ya BitLocker, yaani kinga ya Windows inayoisimba diski ili isisomeke bila ufunguo, inayodai ufunguo wa urejeshi wenye tarakimu 48. La mwisho ni lile la Windows, lenye jina na picha ya mtumiaji. Dawa ya lango moja haifai kwa jingine, na fundi anayekimbilia kufuta Windows wakati kufuli liko kwenye BIOS atakuwa amepoteza kazi za mteja huku kufuli likibaki pale pale.

AMINA: Msikilizaji wetu anasema ni skrini nyeusi, kabla ya Windows kuonekana. Anaapa kwamba hajasahau nenosiri.

OKELLO: Namwamini. Mtu aliyeandika neno lile lile kila siku ya kazi halisahau usiku mmoja. Kwa hiyo, kabla ya kuishuku kumbukumbu yake, ningeishuku kibodi. Kitufe kimoja kilichokufa kwa vumbi au kwa chai iliyomwagika kinatosha kuliharibu nenosiri zima, na kwa kuwa skrini huonyesha vitone tu badala ya herufi, mwenyewe hana namna ya kuliona kosa. Abonyeze vitufe polepole, kimoja kimoja, akihesabu vitone. Kitufe kisipoleta kitone, kimekufa. Vitone vikiongezeka bila yeye kugusa chochote, kuna kitufe kilichonasa. Hata hivyo, baadhi ya mashine hazionyeshi hata vitone, na hapo njia iliyo bora ni kuazima kibodi ya nje ya USB, kuichomeka wakati kompyuta ikiwa imezimwa, kisha kuiwasha.

AMINA: Na kibodi ya nje ikikubali nenosiri?

OKELLO: Basi ugonjwa umejulikana, na tiba yake ni kubadilisha kibodi ya ndani, kazi ambayo mafundi wa katikati ya Kampala huifanya kila siku. Kuna pia hila ya kitufe cha Num Lock. Katika kompyuta mpakato nyingi za zamani zisizo na safu ya nambari upande wa kulia, kitufe hicho kikiwashwa, herufi U, I na O hugeuka kuwa 4, 5 na 6; J, K na L huwa 1, 2 na 3; na M huwa 0. Mtu mwenye nenosiri lililojaa herufi hizo ataandika kwa usahihi kabisa na bado atakataliwa. Caps Lock kila mtu huikumbuka, kwa hiyo siizungumzii.

AMINA: Huku kwetu kompyuta nyingi huletwa zikiwa zimetumika Ulaya au Dubai, na mpangilio wa kibodi hutofautiana. Je, jambo hilo nalo laweza kuleta tatizo?

OKELLO: Laweza sana, hasa kwenye lango la Windows. Katika mpangilio wa Kimarekani, alama ya @ hupatikana kwa Shift na 2, lakini katika ule wa Uingereza, vitufe hivyo hivyo huleta alama ya kunukuu. Kibodi ya Kifaransa hubadilishana A na Q, Z na W, na nambari zake huhitaji Shift. Mtu akigusa kitufe cha Windows pamoja na nafasi bila kukusudia, na mipangilio miwili imewekwa, mpangilio hubadilika kimyakimya. Kwenye Windows afadhali kuna alama ya jicho ya kufichua alichoandika. Kwenye BIOS hakuna anasa hiyo.

AMINA: Tuseme kibodi ni nzima. Nimesikia mara nyingi kwamba ukiitoa betri ndogo ya ndani, nenosiri hufutika.

OKELLO: Ushauri huo una asili ya kweli, ila umri wake umepita. Katika kompyuta nyingi za mezani za zamani, kuondoa betri ya CR2032, ile ya volti 3, kulirudisha mipangilio ya BIOS katika hali ya mwanzo pamoja na kufuta nenosiri. Katika kompyuta mpakato nyingi, hasa za kiofisi, nenosiri huhifadhiwa kwenye chipu isiyohitaji umeme kukumbuka, hivyo kuitoa betri hupoteza saa na tarehe tu. Tena inaweza kuleta balaa jipya: saa ikipotea, baadhi ya mashine hutaka uingie kwenye mipangilio kuirekebisha, na kama kampuni iliyoimiliki awali iliacha nenosiri la msimamizi, yaani lile linalolinda mipangilio ya BIOS, ndipo utakapodaiwa neno ambalo hukuwahi kulijua. Nashuku wengi wanaosema nenosiri limebadilika lenyewe wamekutana na jambo hili: si nenosiri lao lililokataliwa, ni lango jingine lililojitokeza, pengine kwa sababu betri hiyo ilizeeka.

AMINA: Basi hapo afanye nini?

OKELLO: Amwendee mtengenezaji akiwa na risiti. Dell, kwa mfano, humtaka mteja athibitishe umiliki na kutaja nambari ya utambulisho iliyobandikwa chini ya kompyuta. Lenovo inaeleza wazi kwamba nenosiri la msimamizi likipotea, ubao mkuu hubadilishwa, na gharama hiyo kwa kompyuta iliyotumika huenda isiwe na maana.

AMINA: Lakini hesabu za wanachama zimo humo. Hilo ndilo linalomnyima usingizi.

OKELLO: Kama kufuli ni la BIOS peke yake na diski haikusimbwa, fundi anaweza kuitoa diski, kuiunganisha na kompyuta nyingine na kunakili mafaili, ndiyo maana nakataa kufuta chochote mapema. Kama BitLocker inafanya kazi, atahitaji zile tarakimu 48, ambazo mara nyingi huhifadhiwa katika akaunti ya Microsoft ya mwenyewe na zinaweza kusomwa kwa simu. Lakini nenosiri likiwa la diski, limo ndani ya diski, na kuihamisha hakusaidii. Asibahatishe sana pia: mashine nyingi hujifunga baada ya makosa matatu hadi zizimwe na kuwashwa upya.

AMINA: Na anayekwenda kununua kompyuta iliyotumika wiki hii?

OKELLO: Kabla ya kutoa pesa, aiwashe mbele ya muuzaji na aingie kwenye mipangilio ya BIOS: F2 kwa Dell, F1 kwa ThinkPad za Lenovo, F10 kwa HP. Akidaiwa nenosiri, amtake muuzaji aliondoe pale pale. Muuzaji akijibu kwamba halina madhara kwa kuwa Windows inafunguka, mnunuzi aiache kompyuta hiyo mezani.