Nani Aliisogeza Alhamisi? Sikukuu ya Shukrani na Haraka ya Krismasi
(Mhadhara uliotolewa Columbus, Ohio, mbele ya wanajumuiya wazungumzao Kiswahili)

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja na baridi yote hii. Mmeniuliza kwa nini Krismasi ya hapa Marekani inaanza kabla majani hayajaisha kupukutika, hata Sikukuu ya Shukrani (Thanksgiving) ikabaki kama kituo ambacho basi halisimami. Sehemu ya jibu ilizaliwa mji huu huu.

Waliokuja zamani wanalikumbuka duka la Lazarus pale High Street, lililofungwa mwaka 2004. Mtoto wa ukoo uliomiliki duka hilo, Fred Lazarus Jr., anatajwa kuwa miongoni mwa wafanyabiashara waliomsukuma Rais Franklin Roosevelt aisogeze sikukuu. Tangu tangazo la Rais Lincoln la mwaka 1863, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa bado vinaendelea, Siku ya Shukrani ilikuwa Alhamisi ya mwisho ya Novemba. Mwaka 1939 Alhamisi hiyo iliangukia tarehe 30. Uchumi ulikuwa bado unachechemea, na kwa desturi ya wakati ule mwenye duka aliona aibu kupamba Krismasi kabla watu hawajala bata mzinga wao. Kwa hiyo tarehe 30 ilimaanisha wiki tatu na kidogo tu za kuuza. Ombi kama hilo lilikuwa limepelekwa Ikulu mwaka 1933, Roosevelt akalikataa. Safari hii alikubali: sherehe ikawa tarehe 23.

Basi ikawa vurugu! Tangazo lilitoka Agosti, kalenda zimeshachapwa, vyuo vimeshapanga mechi zao za siku hiyo. Wapinzani wakaibandika jina la kejeli, Franksgiving, yaani Franklin na Thanksgiving vikiunganishwa. Majimbo yaligawanyika karibu nusu kwa nusu, Texas ikapumzika siku zote mbili. Mwaka 1941 serikali yenyewe ilikiri kwamba mauzo hayakuongezeka kiasi cha kujivunia, na Desemba hiyo sheria ikaweka Alhamisi ya nne, ambayo ndiyo tunayoifuata hadi leo.

Kwa hiyo mnaposikia kwamba zamani sikukuu hii ilikuwa safi, na maduka yameiharibu juzijuzi, msikubali haraka. Lile gwaride la duka la Macy's kule New York, linaloonekana kwenye televisheni kila Alhamisi hiyo asubuhi, lilipoanza mwaka 1924 liliitwa gwaride la Krismasi, na mpaka sasa anayefunga msafara ni Santa Claus. Shukrani ilikuwa mlango wa msimu wa kuuza. Kilichobadilika, kwa maoni yangu, ni kwamba wauzaji hawauhitaji tena huo mlango. Ile aibu ya mwaka 1939 imekwisha. Siku hizi mti wa plastiki unawashwa taa dukani kando ya maboga ya Halloween, na Amazon inafanya mauzo makubwa ya punguzo Oktoba.

Na Shukrani ina uzito gani wa kushindana? Haina zawadi, haina mavazi. Ina bata mzinga, viazi, mkate wa maboga na jamaa wanaobishana mezani. Mfanyabiashara akishauza chakula hicho hana cha kuongeza. Mimi naipenda kwa sababu hiyo hiyo, ingawa najua kwamba kwa Wawampanoag na wenyeji wengine wa asili si siku ya furaha. Tangu 1970 wanakusanyika Plymouth, mji wa Massachusetts walikotua walowezi wa Kiingereza, kuomboleza.

Wenye ndugu Toronto mtaniambia Kanada wamepona, maana yao ni Jumatatu ya pili ya Oktoba, mbali na Krismasi. Sikukuu imepona kweli, lakini Black Friday, ile Ijumaa ya punguzo inayofuata Shukrani ya Marekani, imevuka mpaka ikafika kwao. Imefika hata Nairobi na Kampala, ambako hakuna aliyekula bata mzinga siku iliyotangulia, na punguzo la siku moja linachukua Novemba karibu nzima.

Jambo moja limerudi nyuma. Miaka ya 2010 maduka makubwa yalikuwa yakifungua Alhamisi yenyewe jioni, mfanyakazi akiacha sahani mezani. Mwaka 2020, kwa sababu ya korona, Walmart na Target walifunga siku nzima, na wameendelea hivyo. Ila wengi wenu mko kwenye maghala, ambako oda za mtandaoni haziangalii sikukuu. Ningependa kusikia kwenu: zamu za wiki hiyo zinapangwaje, na nani anapewa ruhusa? Karibuni kwenye maikrofoni.