Fahali wa Mjukuu: Mhadhara kuhusu Aina za Ng'ombe na Faida ya Uchotara

Ndugu wafugaji, maafisa mifugo, nanyi vijana mnaoanza na mtamba mmoja mmoja, asanteni kwa kuja.

Kila nikisimama mbele ya wafugaji, swali la kwanza huwa lile lile: "Mwalimu, ng'ombe gani ni bora?" Leo nitalijibu kwa swali langu, na nitalirudia mpaka mlichoke. Umeshaamua fahali wa mjukuu? Kabla hujampandisha ng'ombe wako wa asili kwa mbegu ya Friesian, ng'ombe wa maziwa wa Ulaya, unajua binti atakayezaliwa atapandishwa na fahali wa aina gani? Na binti wa binti huyo? Nimeona mazizi mengi ambapo kizazi cha kwanza kilikuwa cha kupigiwa mfano, kizazi cha tatu kikawa cha kuliliwa, na mwenye zizi haelewi kilichoharibika ni nini.

Tuanze na ng'ombe wenyewe. Wote tunaowafuga wametokana na ng'ombe mwitu wa kale, lakini walifugwa mara mbili, mahali pawili. Mara ya kwanza ni Mashariki ya Kati, yapata miaka 10,000 iliyopita, na hapo wakatoka ng'ombe wasio na nundu. Mara ya pili ni bonde la mto Indus, yapata miaka 8,000 iliyopita, wakatoka wenye nundu, yaani zebu. Matawi haya mawili yalikuwa yametengana porini miaka laki kadhaa kabla ya binadamu kuwafunga kamba. Shikeni jambo hilo, maana nguvu yote ya uchotara, yaani kuchanganya aina, inatokana na umbali huo.

Upande wa wasio na nundu wamo Friesian, aliyetoka Uholanzi na kaskazini mwa Ujerumani, Ayrshire wa Scotland, Jersey wa kisiwa cha Jersey, na wa nyama kama Hereford na Charolais. Upande wa nundu wamo Sahiwal wa Punjab, Gir wa magharibi mwa India, Red Sindhi, na Boran aliyetoka kwa Waborana wa kusini mwa Ethiopia. Katikati wapo kina Ankole wa pembe ndefu. Hao wana damu ya matawi yote mawili, kwa hiyo uchotara haukuanzia maabara. Wafugaji wa Afrika waliufanya kwa karne nyingi bila kuuandika popote.

Sasa tulinganishe. Friesian mkubwa ana kilo 650 hadi 700. Jersey ana kilo 400 na kitu. Ng'ombe anayekamuliwa hula malisho yanayokaribia asilimia tatu ya uzito wake kwa siku, yakipimwa bila maji yaliyomo, kwa hiyo Friesian anadai kilo 20 hivi na Jersey kilo 13 hivi. Mwili hujilipa kwanza. Kabla ya tone la maziwa kutoka, chakula kimeshatumika kuendesha moyo, kupumua na kulinda uzito. Ukimpa Friesian kilo 10 za majani yaliyokomaa, hujafuga ng'ombe wa maziwa mengi. Umefuga tumbo kubwa lenye njaa, na mwaka huo hatashika mimba. Jersey hutoa maziwa machache zaidi, lakini mafuta yake hufika karibu asilimia tano, wakati ya Friesian hayafiki asilimia nne kwa kawaida. Anayeuza maziwa kwa lita na anayetengeneza siagi hawapaswi kuchagua ng'ombe mmoja.

Halafu kuna joto. Friesian anayekamuliwa sana huanza kuteseka joto likipita nyuzi 25 hivi. Anapumua kwa haraka, anaacha kula, maziwa yanashuka, mimba hazishiki. Zebu ana manyoya mafupi yanayolala, tezi za jasho kubwa na nyingi, na mwili usiozalisha joto jingi kwa ndani. Kupe nao hawamzidi nguvu kirahisi. Ndigana kali, inayoenezwa na kupe, inaweza kumaliza ndama wa kigeni kwa wiki chache, huku ndama wa asili waliozaliwa penye kupe wengi wakipita. Na kuna N'Dama wa Afrika Magharibi, mdogo, hana nundu, anayeishi penye mbung'o na vimelea vya nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o hao, vikiwa mwilini mwake bila kudhoofika kama wengine.

Mbona basi tusibaki na zebu? Kwa sababu zebu wengi huchelewa. Mtamba wa Friesian aliyetunzwa vizuri huzaa akiwa na miaka miwili au zaidi kidogo, wa zebu mara nyingi hukaribia minne. Maziwa yake ni machache na hukauka mapema, na wengi hawateremshi maziwa mpaka ndama awe ubavuni. Ndama akifa, na maziwa yamekwisha. Aliyekamua anajua uchungu wa asubuhi ya namna hiyo.

Hapo ndipo uchotara unapoingia, na unaleta faida mbili tofauti ambazo watu huzichanganya.

Faida ya kwanza ni kukamilishana. Mmoja ana maziwa, mwingine ana ustahimilivu, mtoto anapata kiasi kutoka kila upande. Hiyo ni hesabu ya katikati tu.

Ya pili ndiyo hasa iliyonileta: nguvu chotara. Mtoto huwa bora kuliko wastani wa wazazi wake. Kwa nini? Kila ng'ombe hubeba vinasaba vyake, yaani vibeba sifa za urithi, kwa jozi, kimoja cha baba na kimoja cha mama. Kila aina ina kasoro zake zilizojificha, na kasoro nyingi hazidhuru mpaka zikutane mbili katika jozi moja. Ukichanganya aina zilizo mbali, kasoro ya baba hukutana na kinasaba kizima cha mama, ikafunikwa. Kadiri wazazi walivyo mbali, ndivyo mafuniko yanavyokuwa mengi. Ndiyo maana Friesian na Sahiwal hutoa nguvu chotara kubwa kuliko Friesian na Ayrshire.

Na nguvu hiyo haigawanyiki sawa kwa kila sifa. Inaonekana zaidi katika yale ambayo ni vigumu kuyapata kwa kuchagua fahali: kushika mimba, ndama kuishi, ng'ombe kudumu zizini. Kwa kiwango cha mafuta ya maziwa, sifa inayorithika sana, inaongeza kidogo tu. Kwa hiyo anayepima faida ya chotara kwa ndoo ya leo asubuhi anapima mahali pasipo na faida kubwa.

Tufanye hesabu. Namba hizi nimezitunga kwa kufundishia. Chukua eneo lenye joto na kupe. Friesian halisi anatoa lita 12 kwa siku, wa asili anatoa 4. Katikati ni 8. Weka nguvu chotara ya asilimia 20, chotara anatoa 9.6. Mwenye Friesian anacheka, bado anaongoza. Subiri. Friesian wake amezaa mara mbili, amekamuliwa siku 300 kila mara, kisha ndigana imemchukua. Amemwachia lita 7,200. Chotara amezaa mara tano kwa siku hizo hizo 300, ameacha lita 14,400. Wa asili amezaa mara sita, akikamuliwa siku 200 kila uzao: lita 4,800. Na chotara ameacha ndama watano, si wawili. Badilisheni namba mtakavyo kulingana na zizi lako. Penye ubaridi, malisho tele na daktari wa karibu, Friesian atadumu na atashinda, na nitakuwa wa kwanza kukwambia ubaki naye.

Sasa lile swali langu. Chotara wako wa nusu kwa nusu amekua. Unampandisha na nani?

Wengi hujibu, "Narudia Friesian, nipandishe damu." Lugha hii ya kupandisha damu imetuponza. Inatufanya tuamini kwamba robo tatu ni ngazi ya juu kuliko nusu, na saba ya nane ni ya juu zaidi. Lakini ukimrudishia chotara fahali wa Friesian, nusu ya jozi za mtoto zinakuwa za Friesian pande zote mbili. Nguvu chotara imebaki nusu. Uzao unaofuata ni robo. Huku chini ustahimilivu unapungua na juu mahitaji ya chakula yanapanda. Utafiti wa nchi za joto umeonyesha kwamba maziwa huongezeka wazi damu ya kigeni ikitoka sifuri hadi nusu. Baada ya hapo hakuna ongezeko la uhakika, isipokuwa utunzaji nao upande.

Wengine hujibu, "Nina dume chotara mzuri, nitamtumia huyo." Chotara kwa chotara nako nguvu hubaki nusu, na watoto wanatofautiana: huyu kamfuata bibi, huyu babu, huyu hana la yeyote. Hapa ndipo mazizi mengi yalipokufa moyo na watu wakasema uchotara ni uongo.

Njia zipo. Ya kwanza ni kuleta aina ya tatu. Chotara wa Sahiwal na Friesian, mpandishe na Jersey au Ayrshire. Mtoto hana jozi iliyotoka aina moja pande zote, na mama yake mwenyewe ni chotara mwenye uzazi mzuri. Lakini hapo damu ya zebu imeshuka hadi robo, kwa hiyo angalia joto na kupe wako kwanza.

Ya pili ni mzunguko. Mwaka huu fahali wa aina ya kwanza, binti zake fahali wa aina ya pili, wajukuu wanarudi kwa ya kwanza. Mzunguko wa aina mbili ukishatulia hubakiza theluthi mbili ya nguvu chotara, wa aina tatu hubakiza asilimia 86 hivi. Hii ndiyo ninayoipenda kwa mwenye ng'ombe wachache, kwa sababu haihitaji kitu ila mbegu na kumbukumbu.

Ya tatu ni kutengeneza aina mpya, uchague ndani yake mpaka itulie. Hiyo ni kazi ya nchi au ya mashamba makubwa, si ya zizi la ng'ombe watano. Brazili wana Girolando, sehemu tano za nane Holstein, ndugu wa Friesian, na tatu za nane Gir. Texas walimtoa Santa Gertrudis kwa Shorthorn asiye na nundu na Brahman mwenye nundu. Afrika Kusini Jan Bonsma aliongoza kazi iliyomzaa Bonsmara, tano za nane Afrikaner, ng'ombe wa asili wa huko. Tanzania ina Mpwapwa, aliyejengwa kuanzia miaka ya 1940 kwa damu ya Red Sindhi, Sahiwal na ng'ombe wa asili. Mnaona ile tano ya nane inavyojirudia? Waliotengeneza aina hizo hawakukimbilia asilimia mia.

Na asilimia mia ina hatari yake. Fahali wa Holstein aitwaye Pawnee Farm Arlinda Chief alizaliwa Marekani mwaka 1962. Binti zake walikuwa hodari wa maziwa, mbegu yake ikaenea dunia nzima. Alikuwa na hitilafu moja ya kinasaba iliyojificha. Wajukuu na vitukuu walipokutana, ndama wenye hitilafu pande zote mbili walifia tumboni. Watafiti walipoigundua miaka mingi baadaye, walikadiria mimba laki tano zilizoharibika. Hakuna mfugaji aliyefanya kosa la makusudi. Wote walichagua fahali bora.

Jambo moja linaniuma, naomba nilitaje. Hupati chotara wa kwanza bila mama halisi wa asili. Tukichanganya zizi zima, nchi nzima, miaka ishirini ijayo tutampata wapi? Wenye makundi ya Boran, Sahiwal na zebu wenye rekodi ni hazina yetu sisi wengine, na ninaomba sana walipwe vizuri kwa mitamba yao.

Kuhusu kuzaa, nitasema kwa kifupi. Usimpandishe mtamba mdogo wa asili kwa Charolais au fahali yeyote wa ndama wakubwa, Jersey ni salama zaidi. Zebu jike hujizuilia ukubwa wa ndama tumboni. Ukigeuza, fahali wa Brahman kwa jike asiye na nundu, ndama huja mkubwa kuliko ulivyotarajia, kaa macho usiku huo.

Sasa, pale mezani kuna mtungi wa naitrojeni kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, na ndani yake mirija ya mbegu. Kila mrija umeandikwa aina, jina au namba ya fahali. Wahimilishaji wengi, yaani wanaopandisha ng'ombe kwa mirija hiyo, wakimaliza kazi huutupa, na mfugaji haulizi. Miaka mitatu baadaye binti anapandishwa na baba yake mwenyewe. Njooni mbele watano watano. Mhimilishaji wetu atatoa mrija uliokwisha kutumika, tusome pamoja yaliyoandikwa, na kila mmoja achukue daftari aanze ukurasa wa ng'ombe wake: mama, baba, tarehe, na mstari wa nne, fahali wa mjukuu.