Kabla Hujaigusa Kompyuta ya Watu

Walimu wangu, vijana, hamjambo. Mkuu wa idara aliniomba niwazungumzie ajira. Ajira nawaachia wenye kuajiri. Mimi ni fundi wa mitandao hapa Kisumu, na leo nina neno kuhusu miezi yenu mitatu ya atachimenti, yaani mafunzo ya kazini, hasa ile siku ya kwanza mtu atakapokuita, "Kijana, njoo uangalie, kompyuta yangu imekuwa nzito."

Mimi niliambiwa hivyo katika ofisi moja ya wakulima wa miwa, huku huku magharibi. Jina lake nitalihifadhi. Mama karani alikuwa na kompyuta ya mezani, dirishani, barabara ya murram ikipita nje. Nami ndio kwanza nimetoka darasani, kichwa kimejaa. Sikumwuliza swali hata moja. Nikachomeka flashi, nikafuta diski, nikaweka mfumo mpya. Kufika saa nane nikaondoka natembea kama daktari.

Kesho yake mchana kompyuta ikawa nzito vilevile. Kibaya zaidi, orodha ya mizigo ya miwa aliyokuwa ameihifadhi pale mbele kwenye skrini ilikuwa imekwenda na maji. Nakala rudufu haikuwapo. Mama hakunigombeza. Alitoa kitabu chake cha kaunta, kile kikubwa chenye jalada gumu, akaniambia, "Nyathina, keti hapa," yaani mwanangu kwa Kijaluo. Kwa siku tatu nilimsomea tarakimu naye akaziandika upya. Siku ya pili, katikati ya kusoma, akasema tu kama mtu anayepiga soga: "Unajua hii mashine asubuhi huwa haina neno. Huchoka mchana."

Nikafungua kasha. Feni ilikuwa imevaa vumbi jekundu, nene kama sweta. Jua la mchana likiingia dirishani, prosesa, ile chipu inayofanya kazi yote ya kompyuta, inapata joto, nayo ikipata joto hujipunguzia kasi isiungue. Brashi ya rangi na dakika kumi, basi. Maneno hayo angeniambia siku ya kwanza, laiti ningeuliza.

Mnacheka. Chekeni, mtakutana nayo.

Darasani mwalimu hukuletea swali likiwa limeshaandikwa vizuri. Kazini hakuna anayekuandikia. Mtu atakuambia "intaneti imekufa," na kumbe ni printa haichapishi. Kwa hiyo uliza: ilianza lini? Ni yako peke yako au hata ya jirani? Jana mvua ilinyesha? Hili la mvua si mzaha. Ukanda wetu huu wa ziwa, kuanzia hapa mpaka Kakamega na Kisii, radi ni wageni wa kila mara, na ruta, kifaa kinachoingiza intaneti ofisini, au swichi, kile kinachounganisha kompyuta kwa kebo, hufa jioni ya mvua bila kuaga. Mwingine atakuonyesha anwani ya mashine yake, ile namba inayoitambulisha mtandaoni, inayoanza na 169.254. Hapo usianze kumlaumu anayewauzia intaneti: kompyuta imeomba anwani mtandaoni, haikujibiwa, ikajipa yenyewe. Anza na kebo, uende mpaka kwenye ruta.

Na kebo nayo. Nyaya nane, zimesokotwa mbilimbili. Kwenye plagi zinapangwa hivi: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Kuikariri ni kazi ya usiku mmoja. Lakini waya wa nne ukiwa haukushika, kebo huenda ikafanya kazi tu, kwa megabiti 100 kwa sekunde badala ya 1000, kwa sababu kasi ile ndogo hutumia nyaya nne pekee: ya 1, 2, 3 na 6. Basi ofisi nzima italalamika mwezi mzima kwamba "mtandao ni pole," na taa zote zinawaka kijani.

Sasa logibuku, daftari lenu la kuandika kazi za kila siku. Nimesimamia wanafunzi kadhaa, na ile iliyojazwa usiku mmoja naijua kabla sijasoma: kalamu moja, mwandiko mmoja, na kila Jumanne "nilisaidia watumiaji." Ulisaidia nani, nini kilikuwa kimeharibika, ulijaribu nini kikakataa? Andika kilichokataa. Mimi nikimhoji mtu anayetaka kazi kwangu, sitazami cheti kwanza. Namwambia anieleze hitilafu moja iliyomshinda siku mbili.

Jambo jingine, kwa haraka. Mtaona siri za watu: mishahara, faili za wagonjwa, picha. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, nayo haimsamehi mtu kwa kuwa ni mwanafunzi. Msinakili chochote kwenye flashi zenu.

Na msiingie kwa watu mkijikunyata kama waombaji. Waajiri hutozwa shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi kwa ajili ya mafunzo, zikienda kwa NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani. Mafunzo yenu si sadaka. Ila ukitumwa chai siku ya kwanza, nenda, na ukirudi uliza ile swichi iliyo juu ya kabati ni ya nini. Mimi nilitumwa wiki mbili.

Nimekuja na kebo mita ishirini, koleo mbili na kipimo kimoja. Jipangeni wawiliwawili. Mmoja akate, mwenzake aandike. Waya ukikosewa usitupwe, ubandikwe kwa selotepu kwenye ukurasa wa kwanza wa logibuku, tarehe ya leo.