Kazi ni Kazi? Mazungumzo katika Ukumbi wa Kaloleni, Nairobi

Habari za mchana, wazee wangu, kina mama, na ninyi vijana mliojipanga karibu na mlango kama watu wanaowinda nafasi ya kutoroka. Sitawachelewesha.

Nimeombwa nizungumzie swali linalozua ugomvi hata kwetu nyumbani: mtu asiye na kitu mfukoni, je, anaweza kukataa kazi? Mjomba wangu aliajiriwa reli maisha yake yote, na akisikia kijana amekataa kibarua husema neno moja tu: kazi ni kazi. Nami nilimwamini, mpaka siku nilipofika getini Industrial Area, kule kwenye viwanda.

Wengine wenu mnalijua geti hilo. Saa kumi na moja na nusu alfajiri, baridi inauma, msimamizi anatoka na kikombe cha chai mkononi, ananyosha kidole: wewe, wewe, na wewe mrefu. Pesa hazitajwi. Ukithubutu kuuliza ni ngapi leo, kidole kinakuruka. Nilifunga katoni pale karibu miaka miwili. Kila tukikaribia mwisho wa mwezi tuliambiwa, "Pumzikeni, mrudi Jumatatu ijayo." Tulishukuru! Tukaona huyu mzee ana utu.

Kumbe tulikuwa tunachezewa. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 kinasema kibarua akifanya kazi siku mfululizo zikatimia mwezi mmoja, hahesabiwi tena kuwa kibarua wa kutwa. Hata siku moja ya kupumzika baada ya siku 6 za kazi huhesabiwa ndani yake. Ndiyo maana kalenda yetu ilikatwa kabla haijaiva. Nami sikuwa na pa kuanzia kulalamika, kwa sababu sikuwa nimeandika tarehe hata moja. Tangu hapo natembea na kidaftari. Hiki hapa, msinicheke.

Sasa, kuhusu huku kukataa. Ukumbi huu tulioketi una historia yake. Aprili 1950 Makhan Singh alisimama hapa Kaloleni akadai uhuru wa nchi hizi, mtu wa vyama vya wafanyakazi, si mwanasiasa wa suti. Mwezi uliofuata yeye na mwenzake wa vyama, Fred Kubai, wakakamatwa, na wafanyakazi wa Nairobi wakaweka zana chini. Singh hakuachiliwa hadi 1961. Wazee wale walikuwa wameishi enzi za kipande, kile kitambulisho cha kazi cha wakati wa ukoloni. Mwanamume Mwafrika alikivaa shingoni ndani ya kikopo cha chuma, na mwajiri ndiye aliyeandika humo alikuajiri lini na kukuachilia lini. Ukiondoka bila kuachiliwa, umetoroka, na polisi wanakutafuta. Kuacha kazi lilikuwa kosa la jinai.

Ndiyo maana nikisikia mtu akisema vijana wa siku hizi wamedeka, wanachagua kazi, nakumbuka kile kikopo. Leo Katiba, kifungu cha 30, inakataza kazi ya kulazimishwa, na cha 41 kinampa kila mfanyakazi haki ya ujira wa haki na haki ya kugoma. Tumeruhusiwa kusema hapana.

Lakini kuruhusiwa ni kimoja, unga ni kingine. Nilishuhudia kisa kando ya barabara, pale kina mama wa kufua hukaa juu ya ukingo wa mtaro wakingoja kuitwa. Walikuwa wamekubaliana: nguo za nyumba nzima, shilingi 500, hakuna kushuka. Akaja mwenye gari, akashusha kioo: 300. Wa kwanza akatazama kando. Wa pili akajifanya anafunga lesi. Wa tatu akanyanyuka polepole, akachukua sabuni yake, akaingia garini. Nilitegemea matusi. Hakuna aliyefungua mdomo. Mmoja akasema tu, "Mtoto wake amefukuzwa shule."

Wiki zilizofuata walifanya jambo ambalo mimi na kidaftari changu hatukuwa tumelifikiria. Kila aliyepata kazi aliweka shilingi 50 kwenye mkebe. Aliyekataa kazi ya 300 akarudi nyumbani mikono mitupu alichukua kutoka humo za chakula cha jioni. Mjomba nilipomsimulia, alinyamaza kidogo kisha akauliza nani anashika ufunguo wa mkebe. Huyo ni mtu wa reli, haachi.

Hapo ndipo ninaposimama mimi. Simlaumu aliyeingia garini, wala simwambii mtu aache kazi leo kwa sababu nimemtia moto kwenye mkutano. Ukikataa peke yako, kuna mia getini. Tafuta mkebe kwanza.

Na ukiamua kuondoka, ondoka ukijua chako. Anayelipwa kwa mwezi hutoa notisi ya siku 28 kwa maandishi, isipokuwa mkataba uwe umesema vingine. Usipotee tu, maana utampa mwajiri sababu ya kukukata pesa. Siku ulizokwisha kufanya hulipwa, hata ukifukuzwa kwa kosa. Agizo la mishahara lililoanza Novemba 2024 liliweka kima cha chini cha kibarua wa kawaida Nairobi kuwa shilingi 16,113.75 kwa mwezi, bila posho ya nyumba. Fanyeni hesabu zenu mkifika nyumbani. Naona wengine wameanza hapa hapa, na nyuso zimebadilika.

Nakomea hapo tupate maswali. Tuanze na yule dada wa nyuma, ameinua mkono tangu nilipotaja shilingi 300.