Mwandishi wa Nyaraka Katika Zanzibar ya Karafuu

Ndugu zangu, assalamu alaykum.

Wakitajwa waandishi wa nyaraka wa zamani, watu hukumbuka kalamu ya mwanzi na hati ya kupendeza. Hati nawaachia wenyewe wanaoijua. Mimi nimekuja kumzungumzia mwandishi kama fundi wa sheria.

Aya ndefu kuliko zote katika Qurani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu deni. Inaamrisha deni liandikwe, mwandishi aandike kwa uadilifu wala asikatae, na mashahidi wawepo.

Sasa twendeni Unguja ya karne ya 19. Mwenye shamba la karafuu anataka reale, sarafu za wakati ule, na mfanyabiashara wa Kihindi anazo. Riba ni haramu. Wafanyeje? Wanakwenda kwa mwandishi. Yeye haandiki kwamba fulani amekopa. Anaandika kwamba fulani ameuza shamba lake kwa bei ya khiyari, yaani mauzo yenye hiari ya kurudiwa: akirudisha fedha ndani ya muda waliokubaliana, shamba linarudi kwake. Kisha muuzaji huyohuyo anapangishwa shamba alilouza, na kodi analipa. Kodi hiyo inafanya kazi gani, nadhani mmeshaelewa.

Tuusogeze waraka wenyewe karibu. Shamba hutambulishwa kwa majirani zake: kibla (kaskazini) shamba la fulani, suheli (kusini) njia, matlai (mashariki) fulani, magharibi fulani. Hiyo mipaka minne ndiyo ramani yake. Kiasi cha fedha huandikwa kwa maneno, na waandishi wa Kiarabu tangu kale walizoea kutaja na nusu yake: mia mbili, nusu yake mia. Anayetaka kuzigeuza ziwe mia tatu, basi aghushi mara mbili! Mwerevu aliyebuni hilo alikuwa ameshaona mengi.

Chini yanakuja majina ya mashahidi, na la mwandishi, kwamba ameandika kwa mkono wake. Mbele ya kadhi, karatasi peke yake ilikuwa dhaifu. Ushahidi wa mdomo ndio uliotangulia, na mwandishi alikuwa mtu wa kuulizwa.

Baada ya 1890, chini ya himaya ya Waingereza, uzito ukahamia kwenye karatasi, muhuri na daftari la usajili. Mahakimu wao wakaichambua bei ya khiyari, wakaelekea kuihesabu kuwa rehani, yaani mkopo, neno lilelile ambalo mwandishi alilipwa ili asiliandike.